Mfalme wa Siku Ndefu

Hapana, sikuruka moto. Magoti haya hayaruki hata mfereji wa maji machafu. Na huo moto wenyewe ulikuwa mshumaa ndani ya karai la mchanga, maana Desemba hapa Sydney serikali ikisema leo ni marufuku kuwasha moto nje, basi ni marufuku, hata kama wewe ni mfalme. Na nguo sikuvua. Hilo nalo najua linakuja. Hakuna aliyevua nguo. Jirani yangu alivaa gauni jeupe la pamba, mimi nilivaa kitenge changu cha kijani na fulari kichwani na soksi, kwa sababu ya sisimizi wa huku, wanauma kama uliwakosea kitu.

Nayasema mapema ili tusikilizane vizuri. Watu wakisikia jirani zangu ni wapagani wanaanza kutafuta damu ya kuku. Damu hakuna. Kulikuwa na mkate, asali, na malimau ya mti wao.

Mimi nakaa Campbelltown, kwenye nyumba za serikali, mwisho kabisa wa treni, mpaka unapofika umeshasinzia mara mbili. Jirani zangu walikuwa wazungu wawili wazee, mume na mke. Kati yetu kuna fensi ya mbao, fupi, unaweza kupitisha sahani bila kunyoosha mkono. Kwa fensi ile ndiko nilikojulia haya mambo.

Sasa elewa kwanza kitu kimoja. Kwetu, Uvira, kando ya ziwa, na hata kule kambini Kigoma nilikokaa mpaka nikachoka, jua ni kama karani wa ofisi. Linafika saa kumi na mbili, linaondoka saa kumi na mbili, mwaka mzima, halichelewi, halikai kazini kupita muda. Huku jua halina adabu. Mwezi wa kumi na mbili unasema "saa mbili usiku," na unakiona kabisa kivuli chako, na watoto wako nje wanacheza mpira. Usiku gani huo? Mwaka wa kwanza nilikataa kula mpaka giza liingie. Binti yangu anafanya kazi ya kutunza wazee, anaamka alfajiri, akaniambia kwa ile sauti yake ya kazini, "Mama, please, ukingoja giza tutakula breakfast." Nikala na jua machoni.

Basi jioni moja kama hizo, siku chache kabla ya Krismasi, nilikuwa naanua nguo. Nikatupa jicho upande wa pili. Namwona mzee wa jirani amelala chali kwenye majani, macho ameyafumba, kichwani ana taji la majani ya mkaratusi, na mke wake amesimama juu yake ameshika kisu cha jikoni.

Nikaweka mikono kichwani nikapiga yowe. Yowe la kwetu siyo la kuita polisi, ni la kuita watu. Nikamlilia yule mzungu kama ndugu yangu: baba yangu weee, baba wa malimau weee, nani atanipa tena malimau weee! Maana kila wiki alikuwa ananipitishia malimau, na mimi nampitishia sombe, kisamvu cha kwetu, sijui kama alikuwa anaila au anamwagia maua.

Marehemu akafungua jicho moja.

Huyu mzee alikuwa zamani gadi wa treni, ndiye aliyekuwa anatangaza vituo. Kabla ya kusema chochote anakohoa kidogo, hmh, kama anawasha spika. Halafu anasemea puani. "Hmh. Ye-na, kipenzi. Mimi sijambo. Nakufa kidogo tu, halafu tunakunywa chai."

Ye-na ni neno la watu wa huku. Ni ndiyo na hapana ndani ya pumzi moja. Ukimwuliza mtu kama anaumwa, ye-na. Ukimwuliza kama ana mke, ye-na. Na wazee wao wanamwita kila mwanamke kipenzi, hata wa dirisha la benki, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Nikapita geti, nikaletewa kiti. Mke akanieleza. Yeye sauti yake ni laini, na kila sentensi mkia wake unanyanyuka juu, kama anakuuliza hata pale anapokujibu. "Leo ndiyo siku ndefu kuliko zote? Jua limefika juu kabisa? Sisi tunaishika hii siku tangu ujana wetu?" Mimi naitikia tu, ndiyo, ndiyo, sijui kama ndiyo.

Akasema kuna wafalme wawili. Mmoja ni wa nusu ya mwaka ambayo mwanga unaongezeka, mwingine wa nusu ambayo mwanga unapungua. Leo yule wa mwanga amekamilika, hana anachokosa, na leo hii hii ndiyo anaangushwa na mwenzake. Zamani mtu mwingine alikuwa anacheza huyo mwenzake. Walikuwa kikundi kizima, wanaenda porini milimani na ngoma na chakula. Halafu mmoja akahamia pwani, mwingine akaingia nyumba ya wazee, wengine wakafa kufa kweli, na sasa wamebaki wao wawili na kisu cha kukatia nyanya.

Nikamwuliza, "Dada, kwa nini mnamuua siku ana nguvu? Si mngoje achoke?"

"Akichoka hatakubali? Itabidi aburutwe?" akasema. "Leo anaweza kulala chini mwenyewe? Tunamshukuru akiwa amejaa, halafu tunamwachia aende? Kesho jua linaanza kupungua, kidogo kidogo, hutaona?"

Nikawafikiria wakubwa ninaowajua mimi kwetu, waliokalia kiti mpaka wakaondoka na kiti chenyewe, nikaona hawa wapagani akili wanazo.

Kila mtu anachukua jani, anawaza kitu anachotaka kukiacha, anaunguza jani kwenye mshumaa. Mimi niliacha hasira ya mtu mmoja wa kambini aliyeniibia blanketi. Bado ninayo, lakini nilijaribu. Mzee akanichekesha, akasema vitabu vyao vyote vimeandikwa Ulaya, vinasema siku hii iwe mwezi wa sita. "Hmh. Mwezi wa sita huku nimevaa soksi mbili. Sisi tunasoma kitabu kimepinduliwa, kipenzi. Hata kuzunguka moto tunazunguka kinyume." Kwa sababu jua la huku linapitia upande mwingine. Kweli, nilikwenda kuliangalia. Linapitia kaskazini.

Tangu hapo nikawa naitwa kila mwaka. Kazi yangu ilikuwa kushika ndoo ya maji, ikiwa mshumaa utakuwa na wazimu. Mzee kila mwaka analalamika, "Nife upande gani? Huu mgongo, huu bega." Mke wake anamwambia, "Wewe kufa tu?" Akishalala anasema maneno yake, machache, lakini anayasema kama anatangaza treni ya mwisho: "Nimewapa joto. Nimewapa matunda. Sasa nipeni ruhusa." Mke analikata taji kwa kisu, majani yanaangukia kifuani, halafu chai.

Mimi ni mtu wa kanisa, na sikuona nimemwacha Yesu. Bibi yangu mzaa mama kila asubuhi alikuwa anatoka nje anatema maji kuelekea jua linapochomoza, anasema ondoka na mabaya yote, halafu anaingia ndani anasali Baba Yetu. Hakuna aliyemfukuza.

Mzee akafa kweli katikati ya baridi, mwezi wa saba. Mazishi yao ni mafupi kuliko foleni ya daktari. Wimbo wa mashine, maneno, sandwichi za pembe tatu. Hakuna aliyelia kwa sauti. Mimi nilianza, binti yangu akanifinya.

Ilipofika Desemba nikamwuliza jirani kwa fensi, "Dada, siku ndefu inakuja, niandae ndoo?" Maana yeye nilimwita dada na yeye akaanza kuniita hivyo hivyo, Daada, anaivuta kama mpira.

Akasema mwaka huu hapana. Halafu akasema mwenyewe. Picha anazo nyingi, nguo anazo, hata viatu vya kazi vipo mlangoni. Kitu kinachoondoka ni sauti. Mumewe simu aliichukia, ikiita anaitazama kama nyoka, hakuacha neno hata moja mahali popote. "Nikiamka asubuhi naisikia? Mchana imeondoka? Daada, ikienda yote, nimebaki na nini? Na hii siku ikipita bila mtu kuyasema yale maneno kama yeye, basi nimemzika mara mbili?"

Nikasema, mimi naweza.

Kwetu ni kawaida. Mtu akifa, kwenye kilio, wajukuu na watani wanamwigiza. Mmoja anavaa koti lake, anatembea mwendo wake, anadai pombe kwa sauti yake, anamtukana mjane kama alivyokuwa anamtukana, na mjane machozi yanamtoka huku anacheka. Kazi hiyo nimeifanya tangu msichana. Shule sikuiona, lakini nipe mtu nikae naye siku moja, nitakurudishia. Nimemwigiza chifu, nimemwigiza padri, nimemwigiza mama mkwe wangu mbele ya watoto wake kumi na yeye yupo ndani ya jeneza, wakasema amefufuka, funikeni vizuri.

Basi siku ilipofika nikavaa taji, nikajilaza kwenye majani. Nikakohoa. "Hmh. Nife upande gani, kipenzi? Huu mgongo, huu bega."

Jirani akakaa chini. Akacheka mpaka akashika tumbo, halafu kile kicheko kikageuka, akalia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia yule mama analia kwa sauti, analia vizuri kabisa, kama mtu wa kwetu. Alipomaliza nikasema yale maneno ya treni ya mwisho, nimewapa joto, nimewapa matunda, nipeni ruhusa. Akalikata taji. Tukala mkate na asali mpaka jua likaingia nyuma ya paa za watu.

Ilikuwa nzuri ile. Sitasema vingine.

Na kwetu inaishia hapo. Siku ya kuondoa matanga koti linakunjwa, mwigizaji anapewa nyama na pombe, na ile sauti haitumiki tena. Hakuna aliyetunga sheria, lakini mtu akiirudia wiki inayofuata watu wanamwangalia vibaya.

Kesho yake mchana nasikia kwa fensi, "Daada? Nifanyie kidogo?"

Nikamfanyia kidogo. Ni mjane, ni Krismasi, ungekuwa wewe ungefunga dirisha? Keshokutwa tena. Ikawa chai ya saa kumi, mimi upande huu, yeye upande ule, na mzee katikati. Krismasi mzee alidai keki. Mwaka mpya alilalamikia fataki. Yale maneno yake halisi niliyokuwa nayo yalikwisha mapema, hakuwa mtu wa kusema sana. Mengine nilitunga. Mimi nikishapata sauti ya mtu, maneno hayanipi shida.

Ikafika mahali anamwuliza mambo. Haniambii mimi, anamwambia yeye, anatazama pembeni ya sikio langu. "Nipake rangi gani jikoni? Bluu?" Nami, "Hmh. Ye-na. Bluu ni ya hospitali, kipenzi." Akapaka njano. Akamwuliza kama akate nywele, mzee akasema acha. Akamwuliza kama aende kwa dada yake Pasaka, mzee akasema yule ana mdomo, kaa nyumbani. Sikuwahi hata kumwona huyo dada. Lakini Pasaka tulikula wote samaki.

Usidhani nilikuwa nateseka. Ilikuwa raha. Binti yangu yuko kazini, wajukuu wanajibu Kiingereza na simu mkononi, na pale kwa fensi kuna mtu ananingoja kila siku saa kumi akiwa amejipaka mafuta mdomoni. Hakujipaka kwa ajili yangu, najua. Lakini aliyekuwa anakunywa ile chai ni mimi.

Habari zikafika kanisani. Mama prezida wa akina mama, mtu wa Bukavu, akaja nyumbani na pochi yake kubwa, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuondoka. Huyu ukimsikia huwezi kumsahau. "Mama, njo nini hii? Batu banasema unaendaka kuabudu jua na ule muzungu!"

"Mimi jua naliomba likaushe kitenge changu tu," nikasema.

"Unalalaka chini na majani kwa kichwa!"

"Nililala mara moja. Na wewe Pasaka ya juzi si ulilala chini mbele ya watu wote?"

"Mimi niliangushwa na Roho!"

"Mimi niliangushwa na mgongo."

Akacheka, maana ni mtu mzuri, akanipiga na pochi. Nikamtengenezea chai. Nikamweleza yote, wafalme wawili, jani, mshumaa, na kwamba yule mama haliombi jua kitu, analishukuru na kuliachia liende. Akasikiliza vizuri. Halafu nikamfanyia mzee kidogo, ili acheke tena.

Hakucheka. Akaweka kikombe. "Ya jua nitakuombea, siyo kitu. Lakini ule mufu, alikufa lini?"

"Mwezi wa saba uliopita."

"Na matanga hamuyaondoa bado?"

Nikamwigiza na yeye palepale, pochi, kukaa ukingoni mwa kiti, njo nini hii mama. Akaondoka anatikisa kichwa. Mimi nikatoka nje kwa sababu ilikuwa saa kumi.

Baridi ikapita hivyo. Joto liliporudi nikaona jirani anachelewa. Siku nyingine hatoki kabisa, naona pazia linacheza. Akitoka haombi tena. Nikianza mwenyewe, hmh, kipenzi, anatabasamu kwa midomo tu. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, amefumba macho, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya tatu. Nikamwita. Hakuitika. Nikamwita kwa sauti ya mzee, nikidhani nitamfurahisha. Akainuka akaingia ndani.

Nikajiambia ni uzee. Nikajiambia Desemba inakuja, siku ndefu itamweka sawa, kama mwaka uliopita alivyolia akapona. Nikapanda treni mpaka Auburn kwa maduka ya Waarabu, nikanunua asali ya masega, siyo ile ya chupa ya kubana, na mkate wa ufuta. Safari nzima ya kurudi nimepakata ule mfuko kama mtoto. Ndani ya treni nilikuwa natengeneza maneno mapya ya mfalme, mazuri, marefu kidogo.

Nikagonga mlango wake wa mbele, siyo wa fensi. Alipofungua nikakohoa kwanza, halafu nikamwambia kwa sauti ya mumewe kwamba mfalme amefika, ameleta asali, na safari hii atakufa kwa ubavu wa kushoto.

Alibaki ameshika mlango. Asali hakuipokea. Akaniambia taratibu, ili nisikose neno hata moja:

"Nikimkumbuka sasa nakusikia wewe tu. Usije tena."